Risala ya Karakana ya Uchomeleaji kwa Mgeni Rasmi: Mashine ya MIG kwa Fundi Mdogo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo na walimu wetu,
Mafundi wa mtaani mlioitikia mwaliko, wazazi na wanachuo wenzetu,

Karibuni karakanani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mezani mbele yako vipo vipande viwili vya bomba la mraba la 25 kwa 25, unene milimita 1.2, lile lile la grili za madirisha. Cha kushoto kimechomelewa kwa fimbo ya kuchomelea ya milimita 2.5, cha kulia kwa waya wa milimita 0.8 wa MIG, yaani mashine inayosukuma waya kupitia tochi ya mkononi huku gesi ikiukinga mshono na hewa. Kigeuze cha kushoto: utaona kona ilipotoboka, ikazibwa kwa kurundika chuma, kisha ikasawazishwa kwa grainda. Cha kulia hakijaguswa na grainda hata kidogo.

Sababu iko kwenye moto. Fimbo ya 2.5 hutaka ampea 60 hadi 90 ndipo iwake vizuri, na bomba jembamba kiasi hiki haliubebi moto huo kwa muda mrefu. MIG hushuka hadi ampea 45 au 50 na bado ikawaka bila kukatika, kwa kuwa waya ni mwembamba na rola, gurudumu dogo ndani ya mashine, inausukuma kwa mwendo mmoja. Kipimo cha kuanzia ni ampea 40 kwa kila milimita ya unene, kisha unarekebisha. Tena hakuna gamba la dawa ya fimbo la kumenya juu ya mshono, wala kile kipande cha sentimita 5 kinachotupwa kwenye kila fimbo ya sentimita 35. Roli moja ya waya ya kilo 5 ina zaidi ya mita 1,200. Kwa anayejitengenezea meza au banda la kuku nyumbani, hilo ni jambo la miezi.

Ila mashine hii haimvumilii mvivu wa maandalizi. Fimbo itapita juu ya kutu kidogo na rangi. MIG itakupa mshono wenye matundu kama mkate. Piga grainda hadi chuma king'ae, na klempu ya ethi, ile inayorudisha umeme kwenye mashine, nayo ishike chuma king'aacho. Tochi iwe kwenye chanya. Tipu, ncha ya tochi anakotokea waya, ilingane na waya, 0.8 kwa 0.8. Rola ikibanwa kupita kiasi, siku waya utakapokwama kwenye tipu utajikunja nyuma ya rola kama kiota cha ndege, na utaukata wote na kuanza upya. Kaza mpaka waya, ukigonga kipande cha mbao, ujikunje bila rola kuteleza. Hapo inatosha. Waya utokeze milimita 10 tu kutoka kwenye tipu.

Kisha sikiliza. Mshono mzuri una sauti ya dagaa wakikaangwa. Ukisikia milipuko ya pa-pa-pa na waya unaisukuma tochi nyuma, punguza kasi ya waya au ongeza volti. Waya ukifanya donge kubwa nchani na kurudi kushikana na tipu, volti zimezidi au waya unachelewa.

Gesi ndiyo inayowashinda wengi. Mchanganyiko wa agoni asilimia 80 na kaboni dioksaidi asilimia 20 hutoa mshono laini wenye cheche chache. Kaboni dioksaidi tupu hurusha cheche zaidi, lakini huzama vizuri, na kwa karakana ndogo sisi tunaipendekeza. Mtungi wa kilo 10 hutoa lita zaidi ya 5,000. Ukifungua lita 10 kwa dakika, ni saa 8 na ushee za moto mtupu. Angalizo: geji ya mtungi wa kaboni dioksaidi haishuki mpaka kimiminika kiishe ndani, kwa hiyo upime kwenye mizani, usiiamini geji. Na upepo ukivuma mlangoni, gesi inapeperuka na matundu yanarudi hata kama chuma ni safi.

Anayefanyia kazi uani anaweza kutumia waya wenye dawa ndani, usiohitaji mtungi. Hapo lazima nyaya zibadilishwe, tochi iende kwenye hasi, na rola iwe ya meno. Asiyebadilisha hulaumu waya bure. Gamba nalo linarudi, nyundo iwe karibu.

Kwa bomba la mabati, ondoa zinki kwa grainda sentimita 2 au 3 kila upande, na ufanyie kazi penye hewa. Moshi wake mweupe huleta homa na kutetemeka jioni. Glasi ya maziwa, inayoaminiwa kuwa dawa ya moshi huo, tuseme wazi, haiuondoi.

Pale ambapo MIG ndogo haifai ni kwenye chuma kinene. Kwenye bamba la milimita 8, mashine ya ampea 140 huweka mshono mzuri wa macho uliolala juu tu kama ubani uliotafunwa. Kata kipande cha majaribio, kibane kwenye jiriwa, ukipige nyundo: mshono ukibanduka, rudi kwenye fimbo. Ndoano ya tela isichomelewe kwa kubahatisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mashine tunazo mbili na zinafanya kazi. Tunachokosa ni mitungi: tulio nao ni mmoja, na ukipelekwa kujazwa, mazoezi ya MIG yanasimama. Tunaomba mitungi miwili ya kaboni dioksaidi ya kilo 10, regulata moja (kifaa cha kupunguza presha ya gesi itokayo mtungini) yenye kipashio joto, kwa kuwa ya kawaida huganda barafu kazi ikiwa ndefu, na mapazia mazito ya kukinga upepo upande wa mlango mkubwa.

Vipande viwili vya mezani ni vyako. Tunaomba uondoke navyo.

Tunaomba kuwasilisha.