Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TBS: unga wa lishe uandikwe una nafaka gani ndani

Ndugu Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Viwango Tanzania,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hii barua haijakaa kiofisi naomba uniwie radhi, mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, mama wa watoto watatu, barua za ofisini sijazizoea. Nakuandikia wewe kwa sababu tangu 2019 mambo ya usalama wa chakula yalitoka kwa iliyokuwa TFDA, ile mamlaka ya chakula na dawa, yakaja kwenu, nimeuliza uliza na wote wananiambia mwenye neno kuhusu paketi ya unga ni TBS. Na nimeamua iwe ya wazi ili na wazazi wengine waisome, maana najua wapo waliokwama pale pale nilipokwama mimi na hawajui wamekwama wapi.

Ishu yangu ni unga wa lishe. Basi.

Mwanangu wa mwisho ana ugonjwa unaitwa siliaki. Sio aleji kama watu wengi wanavyodhani, ingawa tunasema aleji ili tueleweke haraka. Aleji ya kweli inakupiga papo hapo, umekula karanga midomo inavimba. Siliaki inafanya kazi polepole, mwili wa mtu ukikutana na glutini, ile protini iliyopo kwenye ngano, shayiri na nafaka nyingine inaitwa rai, unaanza kuushambulia utumbo wake wenyewe mpaka chakula hakifyonzwi tena, mtoto anakula na bado ana njaa. Dawa yake hakuna, ni kuacha hizo nafaka maisha yote.

Alizaliwa na kilo 3 na nusu, akanyonya vizuri, miezi 6 tukaanza uji. Kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito ulikuwa unapanda mzuri kabisa, kufika mwaka na kidogo ukalala, halafu ukaanza kushuka, tumbo limejaa kama ngoma huku mikono na makalio yanaisha, anaharisha kinyesi cha kupauka chenye harufu mbaya, damu imepungua mpaka viganja vyeupe. Kila tulipoenda tulipewa dawa ya minyoo, zinki, vidonge vya kuongeza damu, na ushauri ule ule, mama ongeza uji wa lishe. Nikaongeza. Mara tatu kwa siku, na siagi ya karanga juu yake. Yaani nilivyozidi kumlisha ndivyo alivyozidi kukonda, mpaka mama mkwe akanivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtoto hajabemendwa. Ndugu Mkurugenzi, mwanamke ukiulizwa hilo swali hulisahau.

Aliyetutoa gizani ni daktari mmoja wa watoto Dar. Hakuanza na dawa, alianza kuuliza anakula nini asubuhi, mchana, jioni, akaniambia nije na paketi ya unga. Nyuma ya paketi imeandikwa "nafaka mchanganyiko, soya, karanga". Akaniuliza nafaka zipi? Sikujua. Nikapiga namba iliyopo pale pale kwenye paketi, akapokea dada mmoja mchangamfu tu, hana shida, akanihesabia mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, na shayiri kidogo. Ngano na shayiri. Mwaka mzima nilikuwa namkorogea mwanangu ugonjwa kwenye sufuria, mara tatu kwa siku, kwa mkono wangu, kwa upendo wote, na hakuna mahali popote kwenye ile paketi palipoandikwa neno ngano.

Sasa hapa naomba wazazi mnisikilize kabla sijarudi kwa Mkurugenzi. Daktari aliniambia nisiache ngano mpaka vipimo vifanyike. Mimi nikaacha usiku ule ule, mzazi gani angeendelea? Hela ya vipimo ikanichukua miezi miwili na nusu kuipata, mtoto keshaanza kunawiri, tukapima damu na majibu hayakuonyesha kitu cha kueleweka, kwa sababu kipimo kinatafuta kingamwili ambazo mwili unazitoa pale tu glutini inapoingia. Ikabidi nimrudishie ngano wiki kadhaa, nakaa namwangalia anaharisha upya ili mashine ione. Siku ya endoskopi, ule mrija wenye kamera unaopitishwa mdomoni mpaka kwenye utumbo, wakachukua vipande vidogo vya utumbo, daktari akanielezea kwamba ndani ya utumbo mdogo kuna kama vidole vidogo vidogo vinavyofyonza chakula, vya mwanangu vilikuwa vimelala bapa kama zulia lililokanyagwa. Kwa hiyo ukimshuku mtoto, pima kwanza ndio uache.

Nimesikia mara nyingi kwamba huu ni ugonjwa wa wazungu, na wengine wanasema ni maringo ya watoto wa matajiri. Ni kweli aliyeufungua ni Mholanzi, daktari Willem Dicke, alikuwa ameshaanza kuishuku ngano kabla ya vita kuu ya pili, na mkate ulipoadimika kule Uholanzi kipindi cha njaa cha 1944 na 1945 shaka yake ikazidi kupata nguvu, 1950 akaiandika tasnifu yake. Lakini kati ya watu wote waliowahi kupimwa, wanaotajwa kuwa na siliaki nyingi kuliko wengine ni Wasahrawi, Waafrika wenzetu wa jangwani, utafiti uliotoka 1999 ulikuta zaidi ya watoto 5 katika kila 100, wakati dunia kwa ujumla inakadiriwa kama mtu 1 katika 100. Kwetu nadhani wengi hawajulikani tu, maana dalili zake zinafanana na vitu tunavyoviona kila siku, kuharisha, upungufu wa damu, kudumaa. Utafiti wa taifa wa 2022 ulionyesha watoto kama 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Sisemi wana siliaki, wengi wao sababu zao ni nyingine kabisa. Nasema hivi, katika kundi kubwa kiasi hicho mtoto kama wangu akijificha nani atamwona, na sote tunamshikia kikombe kile kile cha uji?

Halafu sio siliaki peke yake. Mwaka jana mtoto wa jirani yangu, ana miaka miwili na nusu, alipewa uji wa lishe nyumbani kwa bibi yake, unga wa kupima kilo sokoni, kwenye mfuko wa nailoni usio na maandishi. Mama yake anajua kabisa mwanae hali karanga, bibi naye anajua, lakini karanga ikishasagwa na nafaka huioni. Dakika chache tu midomo imevimba, macho yamefunga, anakoroma badala ya kupumua. Walimkimbiza kwa bodaboda, akachomwa sindano ya adrenalini, yupo hai namshukuru Mungu. Yule bibi mpaka leo hampikii mjukuu wake kitu chochote.

Sisi tunaishi vizuri siku hizi, nisikufiche. Nchi yetu ukiiangalia jikoni haina shida na siliaki: ugali, wali, ndizi, mihogo, viazi, makande, vitumbua vya mchele, mkate wa kumimina, vyote havina ngano vikipikwa kwa uaminifu. Sijawahi kumnunulia vile vyakula vya supamaketi vilivyoandikwa havina glutini, bei ya kimfuko kimoja napata sembe ya wiki. Tabu ni vilivyojificha. Soseji zinawekwa unga, mchuzi wa kwenye sherehe unafanywa mzito kwa unga wa ngano, chipsi zinakaangwa kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga sambusa. Na mashine ya kusaga! Pale mtaani kwetu mashine ni moja, mtu ametoka kusaga ngano yake mimi naingiza ulezi wangu, unga wa mwenzangu bado umeganda kwenye chekeche. Nilikuwa nawahi saa kumi na mbili asubuhi niwe wa kwanza, nasaga kwanza kilo 2 za mahindi kusafisha njia, yale nawapa kuku, ndio nisage ya mtoto. Jamaa wa mashine mwanzoni alidhani nina mambo ya kishirikina, nikamwelezea, sasa ananiwekea zamu mwenyewe bila kuambiwa. Shuleni ilichukua muda zaidi, mwalimu mmoja alimlazimisha kula andazi akisema nyumbani anadekezwa, siku nne hakwenda shule.

Hata kanisani nimeshauliza mapema, maana hostia, ule mkate wa komunyo, ni ngano. Padre alinionyesha kwamba Vatikani ililiandikia suala hili 2017, hostia isiyo na glutini kabisa haikubaliki, yenye glutini kidogo sana inakubalika, na mwenye tatizo anaweza kukomunika kwa divai peke yake. Nilitoka pale nawaza, kanisa la dunia nzima limekaa likaandika barua kuhusu kile kipande chembamba, sembuse sisi na kikombe kizima cha uji wa mtoto.

Kwa hiyo ninachoomba, Ndugu Mkurugenzi, sio kitu kigeni. Codex, chombo cha viwango vya chakula cha FAO na WHO, yale mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, ambacho na sisi Tanzania ni wanachama, kinataka vyakula vya paketi vitaje nafaka zenye glutini, karanga, maziwa, mayai, samaki na vingine vinavyojulikana kudhuru watu, nyie mnaijua hiyo orodha kuliko mimi. Naomba kwenye unga wa lishe neno "nafaka mchanganyiko" lisipokelewe. Iandikwe mahindi, ulezi, ngano, kila nafaka kwa jina lake, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo bibi mwenye miwani ya kusomea Biblia anaweza kuzisoma, kwa sababu mara nyingi bibi ndiye anayekoroga uji. Kama mashine inasaga na ngano au karanga pia, iandikwe. Na mtu asiandike "haina glutini" hivi hivi, kuna unga wa muhogo niliuona umeandikwa hivyo kwa Kiingereza kikubwa na nyuma ya duka mashine yao inasaga ngano, nimeiona kwa macho yangu. Kipimo cha Codex kinasema isizidi miligramu 20 kwa kilo, basi anayetaka kuandika apime kwanza.

Najua watengenezaji wengi ni akina mama wenzangu, wameanza na karai na mzani, mtaji wa mkopo wa kikundi. Sitaki mtu afungiwe biashara. Ukiwabana kwa faini watarudi kuuza kwenye nailoni isiyo na jina na hapo tutakuwa tumeharibu zaidi. Stika ni karatasi tu, maneno matano zaidi hayaongezi gharama ya maana, wafundishwe siku wanapokuja kuomba alama ya ubora, waelezwe sababu, mama akielezwa sababu anafanya. Na wengine watagundua hata ngano yenyewe haina kazi mle. Dada wa lishe aliniambia mahindi, mtama, ulezi, mchele na ngano zote ni kundi moja la chakula, ukizichanganya saba umerudia kitu kile kile mara saba, kinachoongeza kitu kwenye uji ni maziwa, yai, dagaa, kunde. Watu wananunua wingi wa nafaka kwa sababu ndio unaotangazwa.

Uingereza kuna binti anaitwa Natasha Ednan-Laperouse, alifariki 2016 akiwa na miaka 15 baada ya kula mkate wenye ufuta ndani, aleji yake anaijua, akasoma lebo, lebo haikusema. Wazazi wake walihangaika mpaka sheria ikabadilishwa, ikaanza kazi Oktoba 2021, wanaiita sheria ya Natasha. Nililia nilipoisoma, kwa sababu yule binti alifanya kila kitu sahihi. Sisi tunaweza kuandika kabla, hatuhitaji jina la mtoto kwenye sheria.

Mwanangu ana miaka 6 sasa, ana kilo 20, juzi amepanda mwembe wa jirani na kuanguka na kurudia tena. Ile paketi bado ninayo, tupu, nimeihifadhi kwenye kabati pamoja na kadi yake ya kliniki. Jina la mtengenezaji sitalitaja hapa kwa sababu hakuvunja sheria yoyote ninayoijua na yule dada wa kwenye simu aliniambia ukweli mara moja nilipomuuliza. Ila ofisi yako ikitaka kuiona nipeni siku, nitapanda basi la asubuhi niilete mwenyewe mpaka Ubungo, na kadi pia nitakuja nayo muone mstari ulivyokuwa unashuka.

Wako,
Mama wa mtoto asiyekula ngano,
Morogoro