Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wetu kwenye bodi ya ushauri ya bustani na viwanja

Ndugu wanachama,

Kwanza samahani, taarifa hii ilitakiwa iwafikie wiki mbili kabla ya mkutano mkuu na mimi nimechelewa, katibu kanikumbusha mara tatu na mara zote nilimjibu kesho. Haya sasa ndio hii. Mambo ya hesabu sitayagusa, mhazini ana ripoti yake na kaiandaa vizuri kuliko hii yangu. Mi nataka kuongelea kitu kimoja ambacho mmeniuliza mwaka mzima, kwenye grupu, njiani, hata msibani: hivi nyie mnaoenda kutuwakilisha kule kwenye bodi ya jiji mnafanya nini hasa?

Kiukweli hata mimi mwaka wa kwanza jibu sikuwa nalo.

Iko hivi. Bodi ni ya ushauri. Madiwani ndio wanaamua, idara ya bustani ndio inatekeleza, sisi tuko katikati, tunasikiliza watu, tunasoma mipango, tunauliza maswali alafu tunaandika mapendekezo, basi. Hatuajiri, hatufukuzi, hatusaini hundi, hata funguo ya choo hatuna. Wajumbe ni raia wa kawaida wanaoteuliwa na baraza, hawalipwi mshahara, na vipindi vyao vinapishana makusudi ili wasije wakaondoka wote siku moja na kila wanachokikumbuka kikaondoka nao. Kwahiyo ukinipigia saa nne usiku kwamba tawi limedondokea benchi, nakusikiliza kwa heshima zote lakini mwenye msumeno ni idara, na namba yao ya dharura iko kwenye kibao pale getini.

Sio bodi zote duniani zilizaliwa hivi. Kule New York walipoanza kujenga Central Park, ile bustani yao kubwa katikati ya jiji, mwaka 1857 waliunda bodi ya makamishna wenye meno kabisa, wakaitisha shindano la ramani, na mwaka 1858 wakaichagua ile ya wabunifu wawili, Olmsted na Vaux. Wale waliamua wenyewe. Sisi tunashauri, na tofauti hiyo ukiisahau utakuwa unagombana na kila mtu. Kuna mtaalamu wa Marekani anaitwa Sherry Arnstein, mwaka 1969 alichora ngazi ya vipandio 8 kuonyesha raia anashirikishwa kiasi gani, cha chini kabisa ni kuchezewa akili tu na cha juu kabisa ni raia kushika usukani wenyewe. Kuombwa maoni kakuweka kwenye kipandio cha 4. Cha 5 ni pale wachache wanapopewa viti kwenye bodi ili watulie, huku uamuzi ukibaki kwa wenye nao. Nilivyoisoma nilicheka alafu nikanyamaza, maana hapo ndo tulipo sisi kabisa.

Sasa ukiwa umekaa kwenye kipandio cha 5 unafanyaje usiwe pambo? Mwaka huu ndo nimepata jibu, na nimelipata kwa aibu.

Mnakumbuka ile barua yetu ya mwaka juzi kuhusu vyoo vya uwanja mkubwa. Barua nzuri, kurasa nne, picha, saini za wanachama, nilijivuna nayo kama mtoto. Tuliipeleka, ikapokelewa, ikagongwa muhuri, kimya. Baadae afisa mmoja mpole sana akaniambia pembeni, mwenyekiti, mbona mmeleta wakati bajeti ilishafungwa? Hakuna aliyetupinga. Hakuna aliyetudharau. Tulichelewa tu, na barua ikaenda kulala kwenye faili.

Kwahiyo safari hii tulianza na kalenda badala ya malalamiko. Tukauliza idara inaanza lini kuandaa makadirio yake, kamati ya fedha ya madiwani inakaa lini, wananchi wanasikilizwa lini, tukarudi nyuma kuhesabu miezi. Mapendekezo yetu yakaingia wakati idara bado ina penseli mkononi. Na hatukupeleka mambo ishirini, tulipeleka matatu, maana ukipeleka ishirini anayechagua ni mwingine na atakuchagulia lile rahisi. Vyoo vikapata fungu. Sio lote tuliloomba, ila limo, na kuna mstari wake kwenye kitabu cha bajeti.

Hapo hapo tulijifunza swali ambalo sasa nauliza kila kikao mpaka wajumbe wenzangu wananizoea vibaya. Mradi mpya ukiletwa, uwanja mpya, bwawa, sijui chemchemi ya maji yenye taa, mi nauliza: nani atafungua asubuhi, nani atasafisha, na hela ya mwaka wa pili iko wapi? Kila mtu anapenda kukata utepe, ila sijawahi kuona utepe ukikatwa kwa ajili ya deki na sabuni. Fungu la kujengea na fungu la kuendeshea ni mafungu mawili tofauti, ukipata la kwanza bila la pili umejijengea gofu. Mwaka huu kuna mradi mmoja idara yenyewe iliurudisha ikaupange upya baada ya swali hilo, na hakuna aliyenuna, nadhani hata wao walikuwa wanatafuta mtu wa kuliuliza.

Niongelee sehemu za michezo za watoto, hapa naomba mnivumilie nitakuwa mrefu. Majeraha mengi ya watoto kwenye bembea na vyuma vya kupanda yanatokana na kuanguka, kwahiyo cha kuangalia kwanza ni chini mtoto anaangukia nini, rangi ya bembea baadae. Mwongozo wa Marekani wa usalama wa viwanja vya watoto unasema vipande vya mbao vinavyomwagwa chini viwe na kina cha inchi 9, yaani kama sentimita 23, na hizo ni baada ya kushindiliwa, ndio maana wanashauri umwage inchi 12 toka mwanzo kwasababu vinakaa na kupungua. Mchanga wa kina hicho hicho cha inchi 9 unatosha kwa mtoto kuanguka toka kimo cha futi 4 tu, ukiweka chuma cha kupanda kirefu juu ya mchanga ujue unacheza. Nyasi na udongo mtupu ndio kabisa, udongo ukikauka ni kama sakafu.

Sasa sisi tulifanya nini, tulinunua rula. Sio utani. Wanachama sita waligawana viwanja wakaenda kuchomeka rula chini ya kila bembea na pale mtoto anapotua akiteleza, maana hizo ndo sehemu miguu inafukua kila siku, katikati ya uwanja unaweza kukuta kina kiko vizuri kabisa alafu chini ya bembea ni kigumu kama njia. Na ndivyo ilivyokuwa, karibu kote. Tukapeleka jedwali la ukurasa mmoja, kiwanja, sehemu, kina, tarehe. Bila hasira ndani yake. Idara ikatuma watu na reki ndani ya wiki ile ile, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa kurudisha vipande vilivyosukumwa pembeni, gharama yake ni ndogo mno. Miaka yote tulikuwa tunaandika kwamba viwanja vya watoto viko hali mbaya na hakuna aliyejua aanzie wapi. Hali mbaya haina sentimita.

Kwenye swala la nani anasikilizwa bado tuko nyuma, nasema wazi. Kikao cha bodi ni cha wazi, yeyote anaruhusiwa kuja na kupewa dakika zake za kusema, lakini kinakaa mchana siku ya kazi, kwahiyo wanaokuja ni wastaafu, wenye biashara zao, na watu wenye hasira. Wenye hasira wana haki yao, ila bustani ni ya watu wengi zaidi ya hao. Tukaamua kwenda kukaa kwenye bustani zenyewe jioni na wikiendi na kuangalia tu, kuhesabu nani yuko wapi anafanya nini. Hiyo mbinu ni ya zamani, mtafiti wa Marekani William H. Whyte aliifanya New York miaka ya 1970 akiwa na kamera, akirekodi vijiwanja vya mjini, na moja ya aliyoyagundua inachekesha kwa urahisi wake: watu wanakaa pale palipo na pa kukaa.

Tulichokiona kilitutia simanzi kidogo. Wasichana wadogo wako wengi kwenye bembea, wakubwa kidogo hawapo. Kiwanja cha mpira kimejaa wavulana, sio kosa lao, lakini dada zao wameenda wapi? Wenzetu wa Vienna walikutana na hili hili miaka ya 1990, utafiti wao ukaonyesha wasichana wakifika miaka kama 10 wanapungua sana bustanini, wanabaki wavulana. Hawakutunga sheria ya kumfukuza mtu. Walibadilisha baadhi ya bustani, vile viwanja vilivyozungushiwa wavu wakaviongezea milango, sehemu moja kubwa wakaigawa ziwe ndogo kadhaa ili kundi moja lisiteke kila kitu, na njia za kutembea zikaboreshwa. Tumependekeza jaribio kama hilo sehemu moja. Jibu bado, na kuna mjumbe mmoja anaona ni mambo ya kisasa tu, tutamwalika jioni moja aje ahesabu na sisi.

Kuhusu umbali nako tulikuwa na ubishi mzuri. Kuna kanuni inaitwa 3-30-300, aliitoa mtaalamu wa miti ya mijini Cecil Konijnendijk mwaka 2021, kwamba kila mtu aone angalau miti 3 akiwa nyumbani kwake, mtaa uwe na kivuli cha miti asilimia 30, na bustani isizidi mita 300 kutoka anapoishi. Idara ilileta ramani yenye miduara, mitaa mingi ikaonekana imo ndani ya mita 300, makofi. Mwanachama wetu mmoja mama wa makamo akanyoosha mkono akauliza, hizo mita 300 ni za ndege au za miguu? Maana kwake ukuta wa bustani anauona dirishani lakini geti liko upande wa pili wa barabara kubwa isiyo na kivuko. Ukumbi ukatulia. Ramani inachorwa upya kwa kufuata njia za miguu mpaka getini, na kwa wanaotumia viti vya magurudumu itahesabiwa kivyake, sababu ngazi tatu tu zinatosha kuifanya bustani iwe mwezini.

Ardhi. Mwaka huu yalikuja maombi mawili ya kumega kona ya bustani, moja la kuegesha magari, jingine la jengo la muda. La muda, eti. Tuliyapinga yote kwa maandishi, tukiuliza hati inasema eneo ni la matumizi gani, nani atalirudisha na lini, na kwa hela ya nani. Moja limeondolewa, jingine linaendelea na siwezi kusema zaidi. Mnaokata tamaa kwa barua mkumbukeni Wangari Maathai, mwaka 1989 lilipotaka kujengwa jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park pale Nairobi alianza kwa kuandika barua, ofisi baada ya ofisi, alitukanwa mpaka bungeni, na jengo halikujengwa. Sisi hatujatukanwa na yeyote bado.

Mambo ya ndani kwa kifupi. Vikao viwili vilivunjika kwa kukosa akidi na kimoja kati ya hivyo nilikosekana mimi, naomba radhi. Mjumbe mwenzetu anayefundisha watoto mpira kwenye kiwanja kilichokuwa kinajadiliwa alitangaza maslahi yake akatoka nje wakati wa kura, bila kuambiwa, nampongeza. Ila lile grupu la WhatsApp la wajumbe nimeomba libaki la kutaarifiana muda na mahali tu, kwasababu tulianza kukubaliana mambo humo usiku alafu kesho yake kikaoni tunaigiza kujadili mbele ya wananchi, hiyo sio sawa hata kama hakuna aliyekusudia.

Tulichoshindwa kabisa ni miche. Tulipiga kelele ipandwe, ikapandwa, picha zikapigwa na mimi nimo kwenye picha mbele kabisa. Mche unahitaji kumwagiliwa misimu ya mwanzo mpaka mizizi ishuke, sisi hatukuuliza nani ana ndoo. Mingi imekauka. Lile swali langu la mwaka wa pili niliwauliza wengine wote nikajisahau mwenyewe.

Mwakani kiti chetu kimoja kwenye bodi kinamaliza muda. Anayetaka jina lake lipelekwe kwa baraza ajue ni kikao kila mwezi, makabrasha ya kusoma kabla, na kuzoea kusema jambo moja mara tano kwa sauti ya upole. Fomu ziko kwa katibu, zirudishwe kabla ya mkutano mkuu, na asiyetaka bodi lakini ana jioni moja ya Jumamosi tunahitaji watu wa kurudia kupima viwanja. Rula nazo ziko kwa katibu, zimebaki nne, mbili hatujui zilipo.

Mwenyekiti wenu