Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Shule

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni.

Tunakushukuru kwa kuja kwetu hapa Mwanza. Ulipopita kwenye banda letu ulikuta sufuria ya ngozi za sangara, na harufu yake tunaiombea radhi. Ngozi hizo tunaziloweka kwenye siki, kisha tunazipasha kwa moto mdogo. Kolajeni, protini iliyomo kwenye ngozi, inaachia, na supu ikipoa inaganda. Hiyo ndiyo jelatini, ambayo Wafaransa walitengenezea kapsuli za dawa tangu 1834.

Siku hizi watafiti wanaitaka ibebe dawa na kuiachia polepole, au iwe kiunzi cha kuoteshea tishu mpya. Seli hujishikiza kwake kwa urahisi, kwa kuwa asili yake ni protini ileile inayoshikilia ngozi na mifupa yetu. Huko Kyoto, Japani, Yasuhiko Tabata na wenzake walitumia chaji za umeme: jelatini yenye chaji hasi hushika protini ya ukuaji yenye chaji chanya, na protini hiyo hutoka kadiri vimeng'enya vya mwili vinavyoila jelatini.

Kazi ngumu iko kwenye joto. Tulidondosha jelatini yenye rangi ya chakula kwenye mafuta ya baridi, tukapata vijipira vizuri vya mviringo. Kuvitia tu kwenye maji ya nyuzi joto 37, ambalo ni joto la mwili, vikayeyuka na rangi yote ikamwagika. Ingekuwa dawa, ingemwagika vivyo hivyo. Tena ya samaki huyeyuka upesi kuliko ya ng'ombe. Kwa hiyo lazima nyuzinyuzi zake za protini zifungwe pamoja, zisiachane kwenye joto. Kemikali iitwayo glutaraldehaidi hufunga imara, lakini mabaki yake ni sumu kwa seli. Tuliiomba, mwalimu akakataa, na alifanya vyema. Mwaka 2000 watafiti wa Ghent, Ubelgiji, walieleza jelatini inayojifunga ikimulikwa mwanga, na sasa hiyo inatumika sana katika kuchapa tishu kwa mashine.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jelatini nyingi duniani hutoka kwa nguruwe na ng'ombe. Wenzetu Waislamu waliliuliza hilo mapema kabisa, na ndiyo sababu tukachagua sangara. Ngozi yake ilishachunguzwa na mtafiti wa Makerere, Uganda, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Mapanki, yaani mabaki ya sangara baada ya kutolewa minofu, yana wateja wake mjini hapa. Ngozi nazo zinastahili kutazamwa upya.

Tunaomba jokofu dogo, kipimajoto cha uhakika, na transglutaminasi, kimeng'enya ambacho viwanda vya chakula hukitumia kuunganisha vipande vya nyama, ili tujaribu kufunga vijipira vyetu bila sumu. Ukiweza pia kutuombea nafasi ya kutembelea maabara ya chuo kikuu, tutashukuru sana. Nauli tutachangishana wenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.