Kwa Nini Hatukubali Kubadilisha Spoku Moja Kisha Tukuache Uende

Mwezi uliopita mteja mmoja, aliyekuwa akisafiri kwa baiskeli kutoka mpaka wa Namanga kwenda mpaka wa Tunduma, aliondoka katika karakana yetu hapa Dodoma akiwa amenuna. Aliingia na spoku moja iliyokatika kwenye gurudumu la nyuma, akitarajia kulipa shilingi 5,000 na kuendelea na safari kabla jua halijawa kali, nasi tukamweleza kwamba gurudumu lote linahitaji kusukwa upya, yaani kuwekewa spoku zote mpya, kwa shilingi 60,000. Alilipa, lakini alituachia maneno kwamba tunawavizia wasafiri kwa kuwa tunajua hawana pengine pa kwenda. Si wa kwanza kutuambia hivyo, na kwa kuwa maelezo ya mdomo hutolewa haraka mbele ya mtu aliyekwisha kukasirika, tumeona ni haki tuyaweke kwa maandishi.

Tuanze na hali ya gurudumu lenyewe linapotufikia. Kutoka Namanga kupitia Arusha, Babati na Kondoa hadi Dodoma ni zaidi ya kilomita 500. Gurudumu la kawaida la baiskeli ya safari husogea mita mbili na kidogo kila linapozunguka mara moja, maana yake ni kwamba likifika hapa limekwisha kuzunguka zaidi ya mara laki mbili. Katika kila mzunguko, spoku inayopita upande wa chini, pale tairi linapogusa lami, hulegea kidogo, kisha hukazika tena inapopanda. Gurudumu lililosukwa vizuri halidhuriki kwa jambo hilo, kwa sababu spoku zake zina mkazo wa kutosha na unaolingana, hivyo hata ile ya chini hubaki na mkazo. Lakini spoku zikiwa zimelegea, kila mzunguko huzikunja na kuzikunjua pale zinapopinda kuingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, kama mtu anavyokunja na kukunjua waya wa kufungia mpaka ukatike. Kwa hiyo spoku inayokatika yenyewe njiani, bila ajali, huwa ni ya kwanza tu kufika mwisho, na jirani zake zimepigwa kiasi kilekile.

Hapo ndipo hoja yetu ilipo. Mteja huona spoku moja imekatika na thelathini na tano zimebaki nzima, nasi huona thelathini na tano zinazosubiri zamu.

Ni kweli kwamba zipo nyakati ambapo spoku moja inatosha, na tunapoziona hizo hutoza shilingi 5,000 zilezile bila maneno. Ikiwa gurudumu ni jipya na spoku imevunjwa na kijiti kilichoingia kati, au ikiwa cheni ilirukia nyuma ya gia kubwa na kuikwaruza, basi kosa si la gurudumu zima. Tunatofautisha kwa kuzigusa spoku moja baada ya nyingine kwa kidole na kusikiliza mlio, kwa sababu zenye mkazo unaolingana upande mmoja hulia sauti moja, na zilizolegea hutoa mlio mzito usio na uhai. Gurudumu la yule mteja aliyenuna lilikuwa na milio ya aina nne upande mmoja, na nati za spoku tatu tulizizungusha kwa vidole bila spana.

Tatu, si moja. Tulimwonyesha, lakini mtu aliyekwisha kupanga kulala Mtera, njiani kwenda Iringa, hasikilizi spoku.

Hoja tunayoletewa mara nyingi ni hii: mbona baiskeli ya muuza maji inabeba madumu manne ya lita ishirini, kila siku, kwenye barabara za vumbi, na spoku zake hazikatiki? Ni swali zuri na tunalipenda. Ile ni baiskeli ya chuma ya mtindo wa zamani, ambayo kwa kawaida gurudumu lake la nyuma lina spoku nene 40, halina rundo la gia upande wa kulia, na kwa hiyo spoku za pande zote mbili huwa na urefu mmoja na mkazo mmoja. Tena mwenye nayo huiendesha polepole, na penye mlima huisukuma. Baiskeli ya safari yenye gia nyingi imejengwa kwa namna nyingine. Ili gia zipate nafasi, spoku za kulia husimama karibu wima na hukazwa sana, na za kushoto hulala zaidi na hubaki na mkazo mdogo. Gurudumu la namna hiyo linahitaji kusawazishwa kwa uangalifu kuliko la muuza maji, na mizigo yote miwili ya pembeni, hema, jiko na maji, kwa kawaida hukaa juu yake.

Barabara nayo ina sehemu yake. Tangu kipande cha Babati hadi Dodoma kiwekwe lami yote, wasafiri hufika hapa wakiwa na haraka zaidi kuliko zamani, na mteremko wa kutoka milima ya Bereko huwapa kasi ambayo pikipiki haiwezi kuidharau. Kisha huja kijiji, na kijiji huja na rasta za barabarani na matuta. Dereva wa gari hupunguza mwendo kwa sababu anaogopa askari, lakini mwendesha baiskeli huona uvivu kufunga breki na kupoteza kasi aliyoipata kwa jasho, hivyo hunyanyua makalio kwenye siti na kuacha keria yenye kilo ishirini na tano ipige tuta. Mikono na miguu yake huokoa mwili wake, ila gurudumu la nyuma halina wa kuliokoa.

Kati ya njia za mkato ambazo wasafiri hutumia spoku inapokatika, ipo moja iliyotuchosha kuliko zote, nayo ni kuchukua spoku ya baiskeli nyingine, kuikata kwa msumeno na kuipachika. Mteja mmoja alifika kwetu akilalamikia tairi, akisema mbigili za Kondoa zimemmaliza, kwani alipata pancha nne kutoka hapo hadi Dodoma na kila mara alikagua tairi asione mwiba. Tulipotoa tyubu tuliona viraka vyote vinne vimepangana upande wa ndani, ule unaolalia ringi, na mbigili haitoboi kutoka upande huo. Spoku aliyowekewa njiani ilikuwa ndefu kwa milimita kadhaa, ncha yake ilitokeza juu ya nati na kuchoma mpira kila alipopita kwenye rasta. Alikuwa ametumia solusheni yote aliyobeba na tyubu mbili za akiba ili kuokoa bei ya spoku moja ya urefu sahihi. Hatuwasemi vibaya mafundi wa chini ya mti, kwa maana baadhi yetu tulijifunzia huko, na kwa kuziba pancha au kunyoosha pedeli hatuna cha kuwazidi. Lakini spoku za kulia na za kushoto za gurudumu lenye gia mara nyingi hutofautiana kwa milimita moja au mbili, na tofauti hiyo haipimwi kwa jicho.

Kuna kazi moja ambayo tunajuta kuifanya. Miaka miwili iliyopita kijana mmoja, mwalimu, alitusihi tumbadilishie spoku moja tu kwa sababu likizo yake ilikuwa inaisha na alitaka kufika Tunduma. Tukamwonea huruma, tukabadilisha, tukanyoosha ringi, akaondoka. Siku ya pili alitupigia simu akiwa Migoli, akisema spoku mbili zimekatika upande uleule na tairi linasugua fremu. Mbele yake kulikuwa na mlima wa Nyang'oro, kwani barabara ya Iringa hushuka hadi Mtera, kwenye mita 700 hivi juu ya usawa wa bahari, halafu hudai kulipwa kwa kupanda hadi zaidi ya mita 1,500. Alilipa lori 30,000 kumfikisha Iringa yeye na baiskeli, akalala gesti siku mbili akisubiri spoku tulizomtumia kwa basi, na mwishowe akalipa gurudumu lisukwe huko huko. Likizo ikaisha akiwa Makambako. Hakutulaumu, na hilo ndilo lililotuuma zaidi, kwa sababu sisi tulijua na tukanyamaza.

Sasa kuhusu hizo shilingi 60,000. Spoku 36 za chuma cha pua, pamoja na nati zake, ni shilingi 36,000, na tunazinunua kwa fedha taslimu hata kama zitakaa kabatini miezi mitano. Zinazobaki, 24,000, ni ujira wa kazi ya saa nne. Fundi hutoa gia za nyuma kwa kifaa chake maalumu, kwa kuwa bila kuzitoa spoku za kulia haziingii, kisha hufungua habu, huosha gololi na kupaka grisi mpya. Anaposuka, hukaza kwa duru ndogondogo, robo ya mzunguko wa nati kila mara, akihakikisha ringi haipandi wala kushuka, haiyumbi pembeni, na imekaa katikati. Baada ya hapo hushika spoku mbilimbili na kuzibana kwa nguvu za mikono ili zikae mahali pake, husikia zikilia, hunyoosha tena, na hurudia mpaka zinyamaze. Anayeruka hatua hiyo humaliza kazi kwa saa mbili na hutoza nusu ya bei, na gurudumu lake huonekana limenyooka kabisa mpaka litakapobeba mzigo. Sisi hulijaribu kwa kufunga dumu la maji kila upande wa keria na kulipitisha juu ya tuta la mtaani kwetu, kisha hulirudisha ndani na kulipima upya.

Anayetaka kutupunguzia kazi anaweza kufanya mawili. La kwanza ni kuhamisha maji. Kati ya Dodoma na Mtera joto ni kali na tunashauri lita sita au zaidi, lakini hakuna sababu ya kuziweka zote nyuma wakati fremu na uma wa mbele vina nafasi. La pili ni kuleta baiskeli siku unayofika mjini. Wengi hupumzika Dodoma siku mbili, wakanywa soda, wakafua nguo, kisha hutujia asubuhi ya kuondoka wakiwa wameshafunga mizigo, na hapo kazi ya saa nne huonekana kama hila.

Karakana hufunguliwa saa mbili asubuhi, Jumatatu hadi Jumamosi. Kukagua mkazo wa spoku hatutozi chochote, na kila tunayemsukia gurudumu humpa spoku tatu za akiba, mbili za kulia na moja ya kushoto, zikiwa zimefungwa kwa utepe wa karatasi wenye gundi kwenye fremu na kuandikwa urefu wake.