Msile kama sheikh wa Mogadishu: barua kwa vijana wa jogging wa Tanga

Wajukuu zangu, salaam.

Kila Jumamosi alfajiri mnapita mbele ya nyumba yangu mkiimba, nami huacha uradi wangu nikatoka barazani kuwatazama. Roho hunifurahi. Lakini juzi mjukuu wangu aliyemo kundini mwenu alinionyesha kwenye simu maneno mnayotumiana: kwamba mababu wa miaka mia saba iliyopita hawakujua kisukari wala presha kwa sababu walikula chakula cha asili, basi na nyinyi mnarudi kwenye ugali na muhogo wa mababu. Na wawili kati yenu wameshaacha vidonge vya presha. Hapo usingizi ukaniruka.

Nimekuwa muuguzi miaka 33, mingi yake katika kliniki ya kisukari, na leo mimi mwenyewe ni mgonjwa wa kisukari. Kwa hiyo nisikilizeni.

Kwanza, huo ugali na huo muhogo mababu hao hawakuvijua. Mahindi na muhogo asili yake ni Amerika, na vilifika huku baada ya Wareno kuanza kuja. Vasco da Gama alipita pwani hii mwaka 1498. Nyanya nazo ni hivyo hivyo, na hata pilipili hii ya kuwasha. Babu wa zama zile alikula mtama na uwele, kunde, ndizi, nazi na samaki. Pemba, punje zilizoungua zilizofukuliwa ardhini zinaonyesha kuwa mwanzoni uwele ndio uliotawala, kisha kufikia karne ya 11 mpunga ukachukua nafasi yake.

Sasa nendeni na Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyeshuka pwani hii mwaka 1331. Mogadishu alikuwa mgeni wa mtawala, ambaye watu wake walimwita sheikh. Akaletewa chakula mara tatu kwa siku, siku tatu. Wali uliopikwa kwa samli, kwenye sinia kubwa la mbao, juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa mgando yaliyoambatana na achari ya ndimu, pilipili (si hii yetu ya asili ya Amerika) ya siki na chumvi, tangawizi mbichi na embe. Nikisoma orodha hiyo nasikia harufu ya jiko la shughuli! Kisha akaandika kwamba mtu mmoja wa mji ule hula kiasi cha kundi zima la wenzake yeye msafiri, na kwamba ni watu wanene mno.

Hapo hapakuwa na soda, chipsi wala mafuta ya kiwandani. Chakula chote kilikuwa cha asili, na watu wakanenepa. Alipofika Mombasa alikuta nafaka hailimwi, inaletwa kwa vyombo kutoka pwani ya bara, na watu wanakula zaidi ndizi na samaki. Juu ya hao hakuandika habari ya unene.

Ninachotaka mkione ni hiki: kilichobadilika zaidi si usafi wa chakula. Sinia la sheikh limefika kwa kila mtu, kila siku, na kazi imeondolewa. Utotoni mwangu wali ulikuwa wa Idi na harusi. Mama alitwanga mpunga kwenye kinu, akapepeta, akarudia tena kutwanga; kanga yake ilikuwa imelowa jasho mgongoni kabla sufuria haijapanda jikoni, na mchele wenyewe ulibaki na rangi ya hudhurungi kwa sababu mchi haumalizi ganda lote. Leo mchele unatoka mashineni mweupe kama karatasi, na mimi nainua mkono tu kuwasha gesi.

Nanyi mkimaliza mbio naona mnavyokaa chini ya mwarobaini: supu, chapati mbili mbili, na soda. Chupa ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30 za sukari, kama vijiko saba vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 50 hivi kwa siku nzima, na chai ya jioni hamjaigusa bado. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya kumi na mmoja nchini ana kisukari, na zaidi ya robo wana presha.

Wala msidhani zama zile zilikuwa pepo. Ulaya, mvua za mwaka 1315 ziliozesha mazao na njaa ikaua watu miaka mitatu. Huko huko nafaka waiitayo rai iliota kuvu shambani, na mkate wake ukaozesha vidole vya walaji. Sisi tuliona sumukuvu ya mahindi ikiua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, kwa hiyo dona lenu mnalolisifu, anikeni mahindi yake vizuri, yahifadhiwe pakavu, la sivyo mtakula sumu mkidhani ni dawa. Na msiitupe chumvi yenye madini joto kwa jina la uasili. Wazee wenu wa bara wanajua goita, ule uvimbe wa shingo wa kukosa madini hayo, ilivyokuwa. Kuleni dona, kuleni dagaa, kunde na mchicha. Soda iacheni kabisa, hiyo sina maneno mawili.

Nyinyi wawili mlioacha vidonge, nendeni kliniki Jumatatu. Presha haina maumivu mpaka siku inapomwangusha mtu, na nimewapokea wengi mno kwenye machela. Mkiona haya, piteni kwangu tuende pamoja.

Jumamosi ijayo nitakuwa barazani na sufuria ya uji wa uwele, hauna sukari, una ndimu na tangawizi. Kila mtu aje na kikombe chake.

Bibi yenu,
muuguzi mstaafu, Tanga