Barua kwa Baba kutoka Palampur

Palampur, Himachal Pradesh,
India.
26 Novemba 2023

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, na baridi nimeizoea. Ujumbe wa Mama kuhusu mchango wa harusi ya Zuhura nimeupata. Nusu nitaituma wiki hii, na nusu iliyobaki posho ya Januari ikitoka. Ila lipo neno lililonikaa moyoni tangu Idi, pale Baba Mdogo aliposema mbele ya wageni kwamba nimevuka bahari kwenda kusomea kondoo wa Wahindi.

Kondoo hao wana wenyewe, Baba, nao ni Wagaddi, wafugaji wanaohamahama katika milima ya huku. Majira ya joto huwapandisha kondoo na mbuzi wao hadi malisho ya Lahaul, wengine wakivuka kipito cha Kugti kilicho yapata mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, na theluji inapokaribia hushuka hadi vilima vya Kangra. Mwezi uliopita nilishuka nao kwa siku tisa kupitia kipito cha Jalsu. Kondoo mmoja alizaa mapacha njiani, na mzee wa kundi akamtia mmoja kifuani, ndani ya chola, koti lao la sufu linalokazwa kiunoni kwa dora, kamba nyeusi inayozungushwa mara nyingi. Wa pili akanikabidhi mimi. Nilimbeba hadi jioni, na moyo wake nikausikia ukidunda juu ya wangu.

Huku chini ndiko mafunzo yako ya mnada wa mifugo wa Pugu yaliponifaa. Kondoo wanne walianza kukimbia jua na kukataa kula. Niliwafunua midomo kama ulivyonifundisha, nikakuta fizi za manjano, nikajua wamekula lantana, kichaka kilicholetwa kutoka Amerika ambacho sasa kimejaa kwenye malisho ya kipukupuku na kipupwe na ambacho sumu yake huharibu ini. Tuliwaweka kivulini, mwalimu wangu akaleta dawa ya mkaa, na watatu wakapona. Mzee aliwatangazia wenzake kwamba mtoto wa Dar es Salaam ameokoa kundi. Mwambie Baba Mdogo hilo, tena mbele ya wageni walewale.

Mzee ana wana watatu. Mmoja yuko jeshini, mmoja huendesha gari la watalii Dharamshala, na wa tatu anasubiri ajira ya serikali, maana tangu 2002 Wagaddi wa Kangra nao wamo katika orodha ya makabila yanayotengewa nafasi. Siwalaumu, kwa kuwa shule ni haki yao. Lakini kundi sasa linachungwa na puhal, yaani mchungaji wa kukodiwa, huku kibali cha idara ya misitu kinachotaja idadi ya mifugo na njia ya kupita kikiwa bado kwa jina la babu wa mzee huyo. Msitu ukipandwa miti mipya hufungwa, na kundi hulazimika kufuata barabara ya magari, ambako wezi huwavizia usiku. Sufu, anasema, hailipi hata ujira wa kuinyoa. Wanaishi kwa kuuza nyama. Nilipomuuliza nani atapanda na kundi miaka kumi ijayo, alichochea moto na hakunijibu.

Usiku ule kondoo walipolia nililikumbuka zizi letu la Chanika, malori ya Singida yakishusha mbuzi kabla ya adhana ya alfajiri, na wewe ukipapasa migongo yao gizani. Sasa nasikia dalali ameshapelekwa kuliona. Baba, mimi sisubiri ajira ya mtu. Nitamaliza masomo Juni, na daktari wa mifugo anahitaji mahali pa kufanyia kazi. Nakuomba usitie sahihi karatasi yoyote kabla sijarudi, na hati uifunge sandukuni kwa Bibi.

Msalimie Mama, Bibi na Zuhura. Baba Mdogo naye umpe shikamoo yangu.

Mwanao,
Idrisa