Okidi za vinamasini nazo zihesabiwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu vinamasi vinavyojazwa kifusi katika maeneo yanayopakana na Ziwa Viktoria. Mjadala wetu huishia kwenye mafuriko na samaki, ilhali mimea inayofukiwa papo hapo haitajwi kabisa.

Mmojawapo ni Eulophia horsfallii, okidi ya asili inayostawi kwenye udongo uliolowa maji, yenye majani marefu yenye mikunjo na bua la maua ya waridi na zambarau linaloweza kumpita mtu mzima kwa kimo. Anayedhani kwamba mbegu zake zitaota popote zitakapoangukia anajidanganya, kwa maana mbegu za okidi ni ndogo kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na porini haziwezi kuota bila msaada wa kuvu waishio udongoni.

Ibara ya 237 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaitaka serikali itunze ardhi oevu kwa niaba ya wananchi. Basi, kabla ya kibali chochote cha ujenzi kutolewa, tathmini ya mazingira ifanywe wakati mimea imechanua, kwani nje ya msimu huo hata mtaalamu huweza kuzipita okidi akidhani ni nyasi (na tathmini zetu, kwa maoni yangu, hufanywa kwa kasi anayoitaka mwekezaji). Orodha ya mimea iliyoonekana ibandikwe katika ofisi ya serikali ya mtaa, wakazi waisome na kuihoji.

Mkazi wa Entebbe